Karatasi Iliyobaki Kwenye Daftari

Kila siku akitoka shule, kabla hata ya kuvua sare, Chiriku alipita kwanza chumba cha mwisho uani kumjulia hali mama yake mdogo. Jina hilo alipachikwa na huyo huyo mama mdogo tangu alipoanza kusema, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na jina lilikuwa limemganda hata walimu wakalizoea.

Mama mdogo alikuwa na mimba ya miezi minane, mimba yake ya kwanza. Mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa safari: wiki moja yupo, wiki mbili hayupo. Chiriku ndiye alikuwa miguu yake. Alimchotea maji, alimwanulia nguo, alimsindikiza kliniki. Naye mama mdogo alimlipa kwa utani.

"Leo amepiga teke kama mchezaji aliyenyimwa pasi," alisema siku moja, akauchukua mkono wa Chiriku na kuuweka tumboni. "Tulia. Umesikia?"

"Nimesikia. Atakuwa beki huyu."

"Awe atakavyo, mradi asiwe msemaji kama wewe. Nyumba moja haihitaji redio mbili."

Mama yake Chiriku, aliyekuwa fundi cherehani, aliwasikia kutoka barazani alikokuwa akishona. Alicheka bila kuinua macho kwenye mshono.

Wiki chache baadaye viatu vya mama mdogo vilianza kumkataa. Asubuhi aliamka uso umejaa na pete haitoki kidoleni. Kichwa kilimgonga kutwa nzima. Mwenyewe alisema ni mambo ya mimba tu, kwamba mjamzito akilalamikia kila kitu siku haitamtosha. Dada yake hakuridhika.

"Jumatano ni siku ya wajawazito," alimwambia. "Nenda ukapimwe. Usinifanye niache mashati ya watu nikubebe mgongoni."

Jumatano mama mdogo alikwenda. Zahanati ilipakana na shule ya akina Chiriku, ukuta mmoja tu katikati. Mkunga alikuwa mmoja na wanawake walikuwa zaidi ya arobaini. Mashine ya kupimia presha ilikuwa mbovu, mpira wake ulikuwa unavuja. Mama mdogo alitoa mkojo kwenye kikopo, akakipanga mezani pamoja na vya wenzake, akasubiri. Alisubiri mpaka kichwa kikamshinda. Akaondoka kabla hajapewa majibu, akaenda kujilaza.

Mchana wa siku hiyo, kengele ya kutoka ilipolia, Chiriku alimkuta mkunga amesimama nje ya geti la shule. Glavu moja ilikuwa bado mkononi.

"Wewe si ndiye unayemsindikiza mama yako mdogo?"

"Ni mimi. Shikamoo."

"Marahaba. Nisikilize vizuri, mwanangu. Namba ya simu aliyoniandikisha ni ya mumewe, nimepiga haipatikani. Mpelekee karatasi hii sasa hivi. Mwambie aje leo, asingoje kesho, na aje na mtu mzima. Hebu rudia."

"Aje leo, asingoje kesho, aje na mtu mzima."

"Haya, wahi."

Mkunga alirudi ndani mbio, maana kulikuwa na mama kitandani aliyekaribia kujifungua. Chiriku aliichomeka karatasi ndani ya daftari la hesabu ili isikunjike, akaanza safari. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Lakini njia ya kwenda kwao ilipita kando ya uwanja, na uwanjani wasichana walikuwa wanachaguliwa kuingia timu ya mpira wa pete. Mwalimu wa michezo alimwona akamwita. Chiriku alijiambia, dakika tano tu.

Dakika tano zilizaa saa nzima, na saa ikazaa nusu nyingine. Alicheza kama aliyeota mabawa. Mwisho mwalimu akasoma majina, na lake lilikuwamo. Chiriku alikwenda nyumbani akirukaruka. Ile karatasi ilikuwa imemtoka akilini kabisa.

Alimkuta mama mdogo amelala, kitambaa amekifunga kichwani, dirisha limezibwa kwa khanga.

"Mama mdogo, nimechaguliwa. Nitacheza kati."

"Hongera, mwanangu." Alitabasamu kidogo, macho ameyafumba. "Nifungie mlango, mwanga unaniumiza."

Chiriku alimfungia mlango.

Kesho yake, kipindi cha pili, mwalimu wa hesabu aliwaambia wafungue madaftari. Chiriku alifungua lake. Karatasi ilikuwa pale pale, imelala katikati ya sehemu za desimali, na maandishi ya mkunga yamekaa wima: *Aje leo hii. Mkojo si mzuri. Dalili za hatari.*

Aliichomoa karatasi. Aliomba ruhusa ya kwenda nje, akatoka, na alipolivuka geti hakutembea tena, alikimbia. Alifika akiwa na pumzi moja. Ua ulikuwa umejaa watu. Mama mdogo alikuwa chini sakafuni, mwili mzima unamtikisika, meno yameumana, na mama yake Chiriku amemshika kichwa kisijipige. Dereva wa teksi wa jirani alikuwa tayari anafungua milango ya gari.

Chiriku aliificha karatasi mfukoni. Hakumwonyesha mtu.

Huko zahanati, mkunga alipomwona mgonjwa akishushwa, alifahamu mara moja. Kifafa cha mimba. Alikimbilia kabati la dawa kuchukua sindano ya kuzuia degedege, akakuta boksi ni tupu. Alipiga simu hospitali kubwa kuomba gari. Gari lilikuja baada ya saa mbili na dakika kumi. Kufika huko madaktari walimpasua haraka, wakamtoa mtoto wa kike, mdogo kama kifurushi, aliyelia kwa sauti nyembamba. Mama mdogo hakuisikia sauti hiyo. Hakuamka tena. Ijumaa adhuhuri alifariki.

Dereva wa lori alifika siku ya maziko, nguo bado zina vumbi la njia. Alisimama kando ya kaburi la mkewe mikono imemning'inia kama ya mtu mwingine. Watu walipotawanyika, yeye na ndugu waliketi barazani, na maswali yakaanza.

"Mkunga anasema aliona hatari tangu Jumatano," alisema. "Eti alimpa mtoto karatasi alete nyumbani. Mtoto yupi?"

Macho yote yakamgeukia Chiriku. Mama yake akamwita, akamwinua kidevu.

"Niangalie. Nesi alikupa karatasi yoyote?"

Karatasi ilikuwa mfukoni mwake wakati huo huo. Aliiona sura ya baba yake mdogo. Aliziona nyuso za shangazi na wajomba. Ulimi ukamtangulia.

"Hapana, mama. Hakunipa kitu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Dereva akainuka. "Nilijua. Amemuua mke wangu, sasa anamsingizia mtoto."

Asubuhi iliyofuata vioo vya zahanati vilivunjwa kwa mawe. Jumatatu mkunga alisimamishwa kazi mpaka uchunguzi ufanyike, na kwa kuwa hakuwapo mwingine, chumba cha kujifungulia kikafungwa kwa kufuli. Wajawazito wakaambiwa waende hospitali kubwa, ile ambayo gari lake lilichukua saa mbili na dakika kumi.

Nyumbani, mtoto mchanga aliletwa kwa fundi cherehani. Sasa alishona kwa mkono mmoja na kubembeleza kwa mwingine. Chiriku naye alinyamaza. Alijibu alipoulizwa, basi. Majirani walisema ni uchungu wa msiba, mwacheni, atapoa. Wao hawakujua kuwa ndani ya bitana ya mkoba wake wa shule kulikuwa na karatasi. Mara mbili aliipeleka jikoni ili aitie motoni. Mara mbili alirudi nayo.

Wiki ya tano mke wa fundi baiskeli, jirani yao, alishikwa na uchungu asubuhi mapema. Walimkimbiza kuelekea hospitali, lakini mtoto hakungoja. Alizaliwa kando ya barabara, kitovu kimemzunguka shingoni, na hapakuwa na mtu aliyejua la kufanya. Chiriku alikuwa bombani mama yule alipopita akirudi kwake. Alitembea polepole, ameshika khanga iliyokunjwa vizuri, ndani yake hamna kitu.

Ndoo ya Chiriku ilijaa, ikafurika, maji yakamwagikia miguuni. Hakuondoka mpaka mwenye zamu alipomgusa bega.

Wiki ya saba, Jumamosi, walikuja wageni wawili: daktari mwanamke mwenye mvi na miwani mikubwa, pamoja na karani wa kuandika. Daktari alieleza kuwa wametumwa na Chama cha Madaktari na Wakunga wa Uzazi. Kazi ya chama, alisema, ni kuhakikisha mwanamke anayekwenda kuleta uhai harudi akiwa maiti. Kila anapofariki mama mzazi, wanachama huenda kuuliza alikufaje, hatua kwa hatua, kuanzia nyumbani kwake hadi kitandani alipokatia roho.

Dereva wa lori alikuwapo siku hiyo, amekuja kumwona mwanawe. Hakuficha hasira.

"Madaktari kuja kuwachunguza wenzao. Mmekuja kumtetea."

"Una haki ya kudhani hivyo," daktari akamjibu taratibu. "Ndiyo maana tumeanzia kwako, hatukuanzia kwake. Hatuandiki jina la mtu yeyote, na hatukuja kutafuta wa kumfunga. Tunatafuta shimo alilotumbukia mkeo, ili tulifukie."

"Shimo ni mkunga yule."

"Huenda. Hebu nikueleze kinachonikwaza." Daktari alivua miwani. "Yeye anasema alituma ujumbe. Ninyi mnasema hakutuma. Kama hakutuma, basi aliona hatari akanyamaza, na dawa yake ni kumwondoa. Hilo ni jepesi. Lakini kama alituma na ujumbe haukufika, kumwondoa hakutasaidia kitu. Atakuja mkunga mwingine, ataona hatari kama ile, atatuma vile vile, na hautafika vile vile. Mwanamke mwingine atakufa. Kwa hiyo lazima nijue lipi ni kweli."

Chiriku alikuwa ameketi mlangoni akishona vifungo. Sindano ilimchoma kidoleni, hakuihisi. Akilini alimwona mke wa fundi baiskeli na ile khanga. Akainuka, akaingia chumbani, akapasua bitana ya mkoba. Aliporudi aliiweka karatasi mezani mbele ya daktari, akarudi nyuma hatua moja.

"Alinipa," alisema. "Alinipa Jumatano nilipotoka shule. Nilienda kucheza, nikasahau. Nikaja nikasema uongo."

 Mtoto mchanga alijigeuza katika nguo zake. Mama yake Chiriku aliiangalia karatasi, akamwangalia binti yake. Dereva alinyanyuka ghafla, kiti kikaanguka. Chiriku alijikunyata akingoja kofi. Halikuja. Baba yake mdogo alitoka nje, akauegemea ukuta, na mabega yake yakaanza kutikisika.

 Daktari akauliza, kwa sauti ya mtu anayefanya kazi, "Alikupa saa ngapi? Alisema maneno gani? Alikueleza kwa nini?"

"Hakunieleza kwa nini. Aliniambia nirudie, nikarudia."

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

Karani aliandika yote. Daktari akamgeukia fundi cherehani. "Dada, nataka na wewe usikie. Mashine ya presha ilikuwa mbovu kwa wiki tano. Mkunga aliomba nyingine mara mbili kwa barua, hakujibiwa. Mkojo ulipimwa mwenye nao ameshaondoka. Sindano haikuwapo. Gari lilichelewa. Na karatasi ya kufa na kupona akabebeshwa mtoto wa darasa la sita peke yake. Hayo ni makosa ya watu wazima, na mengine ni ya sisi wenyewe tuliopewa dhamana." Kisha akamtazama Chiriku. "Usidhani nakufutia la kwako. Kusahau ni utoto. Lakini ule uongo uliuchagua, ukaulea wiki saba."

"Ndiyo," alisema Chiriku. Ndipo alipolia.

Chama hakikukaa na taarifa ile. Kilikutana na wakubwa wa afya wa eneo lile, kikawasomea saa kwa saa jinsi mama mmoja alivyokufa, bila kumtaja mtu, na hawakuwa na pa kukwepea. Baada ya mwezi zahanati ilikuwa na mashine mbili za presha. Boksi jekundu la sindano ya degedege liliwekwa ukutani, na kila asubuhi mtu alitia saini kwamba amelikagua. Mkojo ulipimwa mwenye nao angali kwenye benchi. Kila mjamzito aliandikisha namba za watu wazima wawili. Wakunga wawili wa chama walikuja siku tatu wakafundisha, wakitumia sanamu la mpira, jinsi ya kumhudumia mama mwenye kifafa cha mimba kabla gari halijafika. Walizizungukia zahanati za jirani pia. Na mkunga akarudishwa kazini.

Siku ya kumpima mtoto uzito, fundi cherehani alimwambia Chiriku, "Leo utambeba wewe. Na una neno la kusema huko."

 Dirisha moja la zahanati lilikuwa bado limezibwa kwa kipande cha boksi. Mkunga alimpokea mtoto, akamlaza kwenye mizani, akaandika kwenye kadi. Hakuwa na tabasamu.

"Shikamoo," alisema Chiriku. "Nimekuja kukuomba radhi. Nilikusingizia, kisha nikakaa kimya."

Mkunga alimfunika mtoto kwanza. "Marahaba. Kaa hapo." Akaketi na yeye. "Unajua nilifanya nini zile wiki? Nilikaa ndani. Nikitoka, watoto waliniita muuaji. Watu walisema sana kwamba sikukutuma, mpaka siku moja nikajiuliza, je, kweli nilimtuma? Labda niliota. Nusura niiache kazi hii niliyoifanya miaka kumi na sita."

Chiriku aliinama.

"Sitakudanganya kwamba nimeshasamehe yote," mkunga aliendelea. "Bado nasamehe, kidogo kidogo. Na mimi pia nina langu. Nilipaswa kukuacha wewe na kwenda mwenyewe, au kumtuma mtu mzima, na hilo nimelisema mbele ya wale madaktari. Nililala nalo na nitalala nalo."

Nje benchi lilijaa wanawake. Mkunga aliwaangalia kupitia kioo kilichosalia.

"Wiki iliyopita alikuja mmoja kutoka mbali, uso umejaa, presha iko juu sana. Nilimdunga ile sindano hapa hapa, nikampigia mumewe na dada yake, gari likaja. Jana amerudi kwa miguu yake, mwanawe mkononi, kuniamkia. Amepona kwa sababu tulijua mwenzake alikufaje. Na tulijua kwa sababu ulisema."

"Lakini nilichelewa," alisema Chiriku.

"Ulichelewa, na mke wa fundi baiskeli analipia. Hilo usilisahau, na wala sikuambii ili likuue." Mkunga alimrudishia mtoto mikononi, akamwekea kadi juu ya shuka. "Wahenga walisema mficha uchi hazai. Katika chumba hiki nimeona ni kweli kabisa: mwenye kuficha maumivu hufa nayo, na mwenye kuficha kosa huwaachia wenzake wafe nalo. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata sauti ikitetemeka. Aibu ya siku moja inabebeka. Haya, mpeleke mtoto akanyonyeshwe chupa yake, na Jumatano ijayo mlete tena. Uzito haujafika ninapotaka."

"Jumatano ijayo," Chiriku alirudia. Alitoka, akapita moja kwa moja hadi nyumbani, akamwambia mama yake neno kwa neno alichoambiwa.